Ami na Skrini ya Buluu

Ami alitaka programu yake ya zamani ya kuandikia ifanye kazi kwenye laptopu. Fundi wa kwanza alimshauri atafute mpya. Wa pili alicheka. Ndivyo mwaka 2018 laptopu yake ilivyofika mezani kwangu, kwenye steshenari niliyokuwa nayo Ngamiani, Tanga.

Ami alikuwa karani wa shamba la mkonge upande wa Muheza, na huko ndiko alikofundishwa programu hiyo, WordPerfect 5.1, ile iliyotoka mwaka 1989. Alistaafu nayo. Mashairi yake yote yamo humo: mishororo ya mizani 16, ukwapi, yaani nusu ya kwanza, safu moja, utao, nusu ya pili, safu ya pili, vimenyooka kwa tabo. Word aliijaribu kwa mwanawe. Kila neno la Kiswahili likapigiwa mstari mwekundu, na kila mshororo ukaanzishiwa herufi kubwa asiyoitaka.

"Sasa hii ndiyo inisahihishe mimi?"

Windows ya biti 64 haiendeshi programu za zamani za biti 16 kama WordPerfect ile, basi. Nikamwekea DOSBox, inayoigiza kompyuta ya DOS, mfumo wa zamani wa kabla ya Windows, ndani ya dirisha, nikamweleza kuwa wengi huitumia kwa magemu ya zamani.

"Magemu! Mimi nina shairi la harusi Jumamosi."

Skrini ya buluu ilipotokea, tupu, na ule mstari mmoja tu chini kuliani, Doc 1 Pg 1, alivuta kiti bila kuniuliza kitu. Alikuwa na kile kikaratasi kigumu cha maelezo ya vitufe vya F, kimechakaa pembeni. Akakikata kwa mkasi na kukibandika kwa seloteipu juu ya kibodi. Akabonyeza F10 kuhifadhi, mwanga wa skrini ukapanda. F7, sauti ikazimika. Laptopu za siku hizi vitufe hivyo zimevipa kazi nyingine, ikabidi niingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, kuvirudisha. Na mimi naona ami alikuwa na haki yake: kwenye skrini ile hapana kinachokudakia maneno ukiwa unahesabu mizani.

Akashika kuandika faharasa ya mashairi yake. Alipotaka kuipanga kialfabeti akabonyeza Ctrl na F9, kama alivyozoea miaka yote. Dirisha likatoweka. Hapana onyo, hapana swali. Kumbe Ctrl na F9 kwa WordPerfect ni kupanga orodha, kwa DOSBox ni kuizima papo hapo.

"La haula," alisema, akaenda zake msikitini kuswali alasiri. Aliporudi nilikuwa nimeshaihamishia amri ile ya kuzima kwenye vitufe vingine, naye akaanza faharasa upya.

Kuchapa nako kulikuwa na lake. WordPerfect inaitafuta printa kwenye LPT1, tundu la zamani la printa ambalo laptopu ile haina. Nikachagua printa ya PostScript, lugha ya kuchapia, nikaielekeza iandike kwenye faili, programu ya Ghostscript ikaigeuza PDF, na printa yangu ikaitoa.

Ami hakulisoma shairi. Aliweka rula wima kwenye utao, akashuka nayo ubeti kwa ubeti hadi mshororo mmoja uliosogea kulia. Akarudi kwenye mashine, Alt na F3, skrini ikagawanyika na misimbo iliyofichika ya mpangilio ikajianika: [Tab][Tab]. Akafuta mmoja.

"Chapa tena, mwanangu. Hiyo ya mwanzo siilipi."