Shokapu za nyuma

Nimetoka gereji Mwanjelwa, hapa Mbeya, sasa hivi, mikono bado inanuka oili.

Pikapu yangu inashusha viazi Uyole kutoka Kikondo. Wiki hii kila tuta lilikuwa linairusha nyuma mara tatu, nne. Kuchungulia chini, shokapu, zile za kuzuia gari lisirukeruke, zimevuja mpaka vumbi limegandia.

Fundi akaniwekea mbili mezani: ya oili na ya gesi.

Akaikandamiza ya gesi hadi mwisho, akaachia.

Ikapanda yenyewe. Taratibu, kama mtu anayevuta pumzi.

Nikamwomba arudie.

Nimechukua za gesi, jozi nzima. Kwenye makorongo oili ikipata moto, zile za kawaida za oili huweza kutoa povu na kulegea.

Wenzangu wa Makete na Tukuyu, mkibeba mzigo mnafunga zipi?