Mradi wa ndoo za rakuni: nimefika wapi mpaka sasa

Mradi wenyewe ni huu: nataka rakuni wawe wanapita kwenye msitu wa mzee jirani yangu kila usiku, tena wapite upande ninaoujua, ili mbwa wangu mchanga apate harufu mbichi ya kufuata badala ya kuzurura vilimani mpaka alfajiri bila kukutana na kitu. Naishi mashariki mwa Ohio huku Marekani, vilima na vijito kila upande, na kuwinda rakuni kwa mbwa huku ni mchezo wa wazee, wamerithi kwa baba zao na babu zao. Kwa ambaye hajawahi kumuona, rakuni ni mnyama wa kijivu mwenye mkia wa pete nyeusi na manyoya meusi yaliyozunguka macho, wengi wana kilo 4 mpaka 9 ivi, anatembea usiku, anakula karibu kila kitu na akibanwa anapanda mti. Hapo kwenye kupanda ndipo mchezo ulipo, mbwa anafuata harufu chini, rakuni anakimbilia juu, mbwa anasimama kwenye shina anabweka hapohapo mpaka wewe ufike na taa ya kichwani.

Mbwa wangu anaitwa Chausiku, ni jike la aina ya Treeing Walker, weupe na weusi na kahawia. Zipo aina sita za mbwa wa rakuni zinazojulikana sana huku, Black and Tan, Bluetick, Redbone, English, Plott na hiyo Walker yangu, na kila mtu atakwambia ya kwake ndiyo bora, mimi sibishani na mtu ila Walker ana mbio na anapenda mti. Shida yake ni umri tu, bado hana subira na harufu ya zamani, akikuta njia aliyopita rakuni jioni na sasa ni saa saba usiku anaiacha. Ndio maana nikaamua kutengeneza ndoo, yaani ndoo ya mahindi inayoning'inizwa mtini ili rakuni waje kula.

Niseme mapema maana watu wanachanganya: ndoo sio mtego na mimi sisimami pale na bunduki kumsubiri mnyama aje kula. Kazi yake ni kuwazoesha wapite, basi. Na sheria ya kulisha wanyama pori inatofautiana jimbo kwa jimbo, hata kaunti kwa kaunti, kwa hiyo usichukue mahindi ukaanza kumwaga porini kwa sababu umenisoma mimi. Hapa Ohio ugonjwa wa kulungu wa CWD ulionekana kwa kulungu wa porini mara ya kwanza mwaka 2020 kaunti ya Wyandot, na kwenye maeneo wanayoyafuatilia kwa ajili ya ugonjwa huo kuweka chambo na kulisha kulungu kumepigwa marufuku, kwa sababu kulungu wakikusanyika sehemu moja na kulamba mahali pamoja wanaambukizana. Kwetu huku hatumo kwenye eneo hilo, nilihakikisha kwanza. Pia kuwinda kwenye ardhi ya mtu Ohio inatakiwa ruhusa ya maandishi, nilimuomba mzee, nikamwambia "mzee wangu naomba unisainie karatasi", akasaini palepale juu ya boneti ya trekta akaniambia na mahindi nichukue ghalani kwake.

Mwisho wa Agosti. Nimeanza na bomba maana ndio rahisi kuliko yote. Bomba la PVC la inchi 4, urefu mita moja na kidogo, chini unaweka kiungo cha Y kinachotazama juu kidogo, mdomo wa chini kabisa unauziba na kifuniko, juu pia kifuniko cha kutoa na kurudisha. Unamimina mahindi makavu, yanashuka mpaka kwenye Y yanajizuia yenyewe, kila rakuni akichota kidogo mengine yanateremka. Kwenye kifuniko cha chini toboa matundu madogo kwa drili maji yatoke, maana mahindi yakinywa maji yanavimba yanakaza bomba zima na baada ya hapo ni ukungu. Ukungu wa mahindi nyumbani tunaujua vizuri, sumukuvu hiyo hiyo iliyoua watu Kenya mwaka 2004 inaua mbwa pia na ndege, kwa hiyo mahindi yakinuka au yakibadilika rangi mimi naondoa yote, siyachanganyi na mapya.

Septemba. Bomba linafanya kazi ila kulungu wanaingiza pua kwenye ule mdomo wa inchi 4 wanalamba, na sitaki kulungu pale. Nimehamia kwenye ndoo ya galoni 5, zile za lita 19 za dukani zenye mfuniko wa kukaza. Ubavuni karibu na kitako natoboa tundu naingiza bomba la inchi 2, lipo urefu wa shibiri moja, limeinama kidogo kuelekea nje, mahindi hayatoki yenyewe, lazima mkono uingie uyavute. Pua ya kulungu haiingii, ya mbwa haiingii, mkono wa rakuni unaingia mpaka kwapani. Ndoo naining'iniza kwa waya wa chuma ubavuni mwa shina, juu kuliko kichwa changu, imegusa mti ili apande aishike bila shida. Chini ya ndoo nimefunga sinia la bati la kudaka punje zinazodondoka, hilo sinia ndilo limewaondoa kulungu.

Alafu nikafunga kamera ya porini, na hapa naomba nikae kidogo maana nimeziangalia zile video sijui mara ngapi. Rakuni akifika haangalii ndani ya bomba hata siku moja. Anakumbatia ndoo kwa mkono mmoja, mwingine anauzamisha, uso ameugeuzia pembeni anaangalia giza, na vidole huko ndani vinapekua vyenyewe, kama mama kwenye daladala anatafuta sarafu chini ya mkoba huku anaongea na konda. Ndivyo alivyoumbwa, sehemu kubwa ya ubongo wake ya kuhisi mguso inashughulika na viganja vya mbele tu, na viganja vikilowa anahisi zaidi, ndio sababu unamkuta mtoni anapapasa mawe chini ya maji akiwa ameangalia juu. Kwa hiyo bomba jembamba halimsumbui kabisa, ni kazi anayoiweza. Na kwa kuwa anatoa punje chache chache anakaa pale muda mrefu, anashuka, anazunguka, anarudi, harufu yake inajaa kwenye majani na kwenye shina.

Adui mkubwa ni kindi. Mchana kutwa wanatafuna mdomo wa bomba, plastiki wameila imebaki meno meno. Nimevisha mdomo kipande cha bomba la chuma na skrubu mbili na bati nyembamba kuzunguka tundu, wametulia kidogo ila kuwazuia kabisa sidhani kama inawezekana, ni wepesi mno.

Oktoba, chambo. Mahindi peke yake yanatosha kuwaweka ila hayawaiti kutoka mbali, na mwezi huu mialoni inadondosha mbegu, msitu mzima ni chakula, ndoo ikakaa karibu haijaguswa. Hapo ndipo harufu inahitajika. Nilianza na samaki, sadini za kopo na mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga, na kweli harufu inasafiri, tena hata chambo za chanjo ya kichaa cha mbwa ambazo Idara ya Kilimo ya Marekani inawamwagia rakuni kwa ndege kwenye majimbo ya mashariki, Ohio ikiwemo, kuna aina iliyopakwa unga wa samaki. (Ukikuta kipakiti cha namna hiyo msituni kiache, kina kazi yake.) Tatizo la samaki ni paka wa ghalani kwa mzee, wote walihamia chini ya ndoo, na oposamu nao, mnyama mwingine mdogo wa usiku.

Sasa nimehamia kwenye utamu na sirudi nyuma. Paka hana uwezo wa kuonja sukari, kipokezi cha utamu kwenye ulimi wake hakifanyi kazi, rakuni kwa utamu hajiwezi. Aina nyingine ya ile chanjo, ONRAB, imetiwa ladha ya mashimelo, ni ule utamu mweupe laini wa watoto, na wawindaji wengi huku wanatumia hiyo hiyo. Mchanganyiko wangu: debe la mahindi makavu, vikombe viwili vya molasesi, vizibo kadhaa vya vanila, pakiti ya unga wa jeli ya stroberi, nakoroga kwenye pipa naacha usiku mmoja yanyonye, asubuhi natandaza yakauke juu juu yasigande kwenye bomba. Kwenye shina juu ya ndoo napaka siagi ya karanga na matone machache ya mafuta ya anisi. Siagi ya karanga soma kopo kwanza, ikiandikwa xylitol usinunue, ni sumu kali kwa mbwa. Na chokoleti usiweke kabisa hata kama umepewa bure, New Hampshire mwaka 2014 walikutwa dubu wanne wamekufa penye chambo ya chokoleti, na mbwa wako ni mdogo kuliko dubu.

Usafi. Hili naliwekea mkazo kwa sababu watu hawalisemi. Rakuni wana tabia ya kwenda haja sehemu moja, na kwenye kinyesi chao kuna mayai ya minyoo inayoitwa Baylisascaris ambayo ikiingia kwa mtu inaweza kufika kwenye ubongo na macho, watoto ndio hatari zaidi. Mayai yakishatoka yanachukua kama wiki mbili mpaka nne kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza, kwa hiyo ukikagua kila wiki unawahi. Navaa glavu na barakoa, naokota na koleo, nafukia mbali, namwaga maji yanayochemka, jiki haiyaui. Distempa, ugonjwa wa virusi unaoua rakuni na mbwa, pia inasambaa wanyama wakibanana, ndio maana ndoo zangu naziweka mbalimbali na situmii pipa moja kubwa. Chausiku ana chanjo zote, distempa, kichaa, lepto (homa ya mgunda), na dawa ya minyoo. Asiye na hela ya chanjo nadhani asubiri, asipeleke mbwa kwenye ndoo.

Novemba, msimu umefunguliwa. Sifungulii mbwa penye ndoo. Namshusha chini kijitoni, karibu mita mia tatu, aitafute njia mwenyewe, akikuta harufu anatoa ile sauti ndefu ya kuvuta, unaisikia inapanda bonde pole pole, inanyamaza anapoipoteza, inarudi. Alafu pakifika mtini sauti inabadilika kabisa, inakuwa mikato mifupi ya haraka bila kupumzika, kola ya GPS inaonyesha amesimama lakini masikio yameshakuambia kabla ya kola. Wiki hii aliichukua njia ambayo kamera inaonyesha rakuni aliondoka pale masaa matatu kabla, mwezi wa nane asingeigusa. Akaimaliza mpaka kwenye mwaloni upande wa pili wa kilima, rakuni yuko juu, macho yanawaka kwenye taa. Nikampapasa pale pale kwenye shina, nikamfunga kamba, rakuni tukamuacha alale, nataka awepo na kesho.

Inayofuata ni ndoo ya tatu upande wa shamba la mahindi, mzee ameshavuna, na bomba lote litakuwa la chuma. Baridi kali ikianza rakuni wanajifungia kwenye mapango ya miti siku kadhaa, hawalali msimu mzima ila wanapunguza kutoka, kwa hiyo nitapunguza mahindi nusu na kuongeza chakula cha mbwa chenye mafuta, nione kama usiku wa joto joto wa Januari watatoka.