Siku 63 na baiskeli ya mtumba

Siku ya 4
Miaka 9 ya kutunza stoo imeisha kwa barua ya kupunguzwa kazi. Kiinua mgongo nimelipwa kwa kiwango cha chini cha sheria ya ajira ya 2004: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka. Piga hesabu, siku 63. Nimezichora kwa chaki nyuma ya mlango, kila siku inayopita naifuta. Pale kijiweni kwenye kahawa swali ni lile lile, "Vipi, umepata wapi?" Siku hizi napita njia ya nyuma.

Siku ya 9
Nimenunua baiskeli. Mtumba wa Japani, gia 6, shilingi 140,000. Mke wangu hakusema neno; aliangalia ile chaki, akarudi jikoni. Bora angenigombeza. Mradi ni huu: kabla siku hazijaisha, nitoke hapa Tegeta mpaka Bagamoyo na kurudi siku hiyo hiyo. Ni kama kilomita 90. Mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa darasa la saba.

Siku ya 17
Mnyororo ulishika kutu, nikauloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Huo haukunisumbua. Kilichonisumbua ni tairi la nyuma. Fundi kaliziba mara mbili, na kila asubuhi nalikuta limelala. Leo nimeitoa tyubu, nikaijaza upepo na kuizamisha kwenye beseni la kufulia, nikawa naizungusha pole pole. Hakuna povu. Nikarudia. Hakuna. Nilikuwa nakaribia kuitupa nilipoona kipovu kimoja, kidogo kama cha soda, kinachungulia kwenye ncha ya vali. Kikapasuka, kikaja kingine. Kumbe hizi za Japani zina kijimpira chembamba ndani ya vali. Kikichakaa, upepo unatoka taratibu na utaziba viraka mpaka uchoke. Kijimpira chenyewe shilingi 200! Raha niliyoipata ni ile ya stoo, ya kuiona katoni iliyopotea baada ya wote kukata tamaa.

Siku ya 31
Bunju na kurudi. Makalio yanawaka moto.

Siku ya 38
Nimevuka daraja la Mpiji, nimeingia Mkoa wa Pwani. Kwenye kupanda nilishuka nikasukuma. Mtoto wa shule akaniamkia shikamoo, kisha akanipita kwa miguu.

Siku ya 55
Nimetoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mapinga, Kerege, Zinga, nateleza tu. Nikajiona bingwa, hata nikaanza kuwaza Tanga. Saa tatu hivi niko Bagamoyo, ufukweni karibu na soko la samaki. Najua mtaniambia habari za kubwaga moyo. Mimi nilibwaga makalio mchangani, nikala changu wa kukaanga na mihogo.

Kugeuza baiskeli ndipo nikaelewa. Huu ni mwezi wa nane, na kusi linavuma. Asubuhi lilikuwa linanisukuma mgongoni, na sifa zote nilijipa mimi. Sasa linanipiga usoni. Gia ya kwanza, kichwa chini, nahesabu nguzo za umeme: kumi napiga pedeli, napumzika, kumi nyingine. Zinga nililala chini ya mwembe. Mapinga nililia kidogo, kwa sababu ya vumbi. Nyumbani nimefika saa kumi na mbili jioni. Mke wangu alikuwa amesimama barabarani, ameshika tochi na jua bado halijazama.

Siku ya 56
Nimepita kijiweni, njia ya mbele, nachechemea. Habari ilishafika. "Eti umefika mpaka wapi?" Nikakaa, nikanywa vikombe viwili. Mzee mmoja akasema yake imekaa uani tangu mfungo, kila ikijazwa upepo asubuhi inalala. Nikamuuliza kama ni ya Japani. Ni ya Japani.

Nimemwambia ailete kesho. Jioni nimepita dukani nikachukua vijimpira 20.