Siku moja maishani mwangu: kuhesabu hewa ya watu ndani ya Fish Rock

Watu wakisikia nawashusha wageni kwenye pango la chini ya bahari, swali la kwanza huwa ni papa, na la pili ni kama kweli kuna mtu ananilipa kwa kuogelea. Basi someni siku ya juzi ilivyokwenda.

Saa kumi na nusu alfajiri niko macho, naangalia upepo na mawimbi. Tunaondokea South West Rocks, pwani ya New South Wales, Australia. Mwamba wenyewe, Fish Rock, uko baharini, kama kilomita mbili kutoka rasi ya Smoky Cape. Kuufikia lazima boti ivuke mlango wa mto, penye fungu la mchanga ambapo mawimbi huvunjika. Pakichafuka hapo, safari imekufa, na kazi yangu inakuwa kuomba radhi kwenye simu. Juzi palikuwa shwari.

Saa kumi na mbili ni kupakia: mitungi ya hewa, mikanda ya vipande vya risasi vya kutuzamisha, oksijeni ya dharura, maji ya kunywa. Kila mtungi naufungua vali kidogo, natega sikio, kisha napitisha ukucha kwenye ringi ya mpira inayokaa mdomoni mwake. Ikiwa na mchubuko, hata wa kuonekana kwa shida, hewa itaanza kulia fyuuu wakati mgeni ameshavaa kila kitu na boti inayumba. Nilibadilisha mbili.

Saa moja wageni wakafika, fomu zikajazwa, vyeti vikakaguliwa. Mmoja alikuja na kamera yenye taa mbili kwenye mikono mirefu, kubwa kama kaa wa mikokoni. Nikamuuliza mara ya mwisho alizamia lini. "Rafiki yangu," akasema, "mimi nimezamia dunia nzima." Nilimuuliza lini, yeye ananijibu wapi. Hapo nikajua nitakuwa naye siku nzima.

Njiani nikatoa maelezo kwa wote. Pango linatoboa mwamba mzima, urefu wa mita 125. Mlango wa chini uko kina cha mita 24, wa juu mita 12. Tunaingilia wa chini na kutokea wa juu, na katikati ni giza totoro, kwa hiyo kila mtu tochi mbili. Mkiwa mle hakuna kupanda juu, juu ni jiwe. Tena kwenye mita 24 mgandamizo ni mara 3.4 ya ule wa juu ya maji, maana yake kila pumzi inakula hewa mara 3.4. Mwenye chini ya baa 140 (baa ni kipimo cha hewa iliyobaki mtungini) mlangoni haingii, tunazunguka naye nje. Hiyo ni sheria yangu, na naitaja mara mbili kwa sababu mara ya kwanza watu wanakuwa wanafunga mapezi ya miguuni.

Halafu papa. Wa pale wanaitwa grey nurse, meno yamechomoza nje hata wakifunga mdomo, na sura hiyo iliwaponza. Wazamiaji wa zamani waliwaua kwa mikuki wakidhani ni wala watu, na kumbe ni wapole. Mwaka 1984 jimbo hili likawalinda kisheria, wakawa papa wa kwanza duniani kupata ulinzi huo. Hata hivyo wanaongezeka polepole mno, maana jike huzaa watoto wawili tu kwa mimba moja. Kwa hiyo hatuwagusi, hatuwafukuzi, na hatuwazibii mlango wa pango.

Saa mbili na nusu tukaingia majini, nyuzi joto 21. Mlangoni nikasoma geji za hewa moja moja. Bwana Kamera alikuwa na 150. Inatosha, lakini nikamweka nyuma yangu kabisa.

Theluthi ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha nikageuza tochi nikakuta nyuma yangu hakuna mtu. Nikarudi. Bwana amelala kifudifudi mbele ya wobbegong, papa bapa mwenye pindo la ndevu za ngozi mdomoni, anampiga picha. Mapezi yake yanachapa uso wa mama aliyemfuata, na nyuma ya yule mama wengine wamekwama gizani, taa zao zinatapatapa kwenye kuta. Mkondo unatusukuma mbele, unatuvuta nyuma. Nikamwonyesha ishara ya geji. Akaninyooshea kidole kimoja: subiri. Nikaishika geji yake mwenyewe: 110. Picha nyingine. Mimi nahesabu: pumzi zake, za yule mama, mita zilizobaki, nani ana tochi inayofifia. Watu wanadhani mle ndani naangalia samaki. Naangalia mapovu. Mapovu ya mtu aliyetulia hutoka kwa mafungu yenye nafasi, ya mtu mwenye hofu hayana nafasi, na ya yule mama yalikuwa yameanza kushikana.

Akainua kamera tena. Nikamshika kwenye mkanda wa mtungi, nikamgeuza, nikamsukuma mbele yangu kama mzigo. Hakufurahi. Yule mama nikamkazia macho, nikapumua taratibu aone, akafuata. Tukaendelea mpaka rangi ya buluu ikaonekana kwa mbali, vijisamaki vyenye macho makubwa vikatupisha, tukatoka. Bwana 70. Tukasimama mita 5 kwa dakika tatu ili mwili utoe gesi taratibu, akapanda botini na 40, na maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Umeniharibia picha."

Sikujibu. Nilimfungulia mkanda wa risasi, nikampa maji.

Mzamo wa pili akataka pango tena. Nikasema hapana. Akasema amelipia pango. Nikamwambia amelipia, na amelipata. Akamgeukia nahodha, nahodha akawa anatazama upeo wa macho kana kwamba hasikii Kiingereza. Akazunguka nje na sisi, amenuna, papa wakampita mita chache nyuma ya mgongo wakati anasafisha lenzi.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Kuna kuteremsha kila kilichopakiwa asubuhi, sasa kimelowa na uzito umezidi. Kuna kuosha vidhibiti vya kupumulia kwa maji yasiyo na chumvi, kutundika suti za mpira zinazonuka mkojo (wote hukana), kompresa, mashine ya kujaza mitungi hewa, inayonguruma huku masikio yangu yakiwa yameziba na mgongo umekauka chumvi. Mgeni mmoja akauliza kama anaweza kuruka na ndege jioni ile. Baada ya mizamo miwili, saa 18 kwanza. Akaanza kupiga simu huku akinitazama kama mimi ndiye mwenye shirika la ndege.

Jioni, nikijaza mtungi wa mwisho, bosi akanipigia. Bwana Kamera amelalamika: kiongozi ana haraka, hana adabu kwa wateja.

"Alipanda na ngapi?"

"Arobaini."

Akanyamaza kidogo. "Kesho saa kumi na mbili," akasema, "kuna wageni kumi."

Nikaongeza mitungi minne kwenye foleni ya kompresa.