Samaki Asiye na Unyevu: Kuichora Feri kwa Mistari ya Brussels na Marcinelle

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikienda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kila Jumamosi alfajiri, nikiwa na ubao mdogo wa kuegemezea karatasi, chupa ya wino mweusi, kalamu ya nibu na brashi mbili. Kazi niliyojipangia ni moja: kulichora soko lile lile, kutoka kona ile ile inayotazama mlango wa bandari na vivuko vya Kigamboni, kwa namna ambazo wachoraji wakubwa wa katuni za visa na safari wa Ubelgiji na Ufaransa walizitumia, ili mkono wangu unieleze kile ambacho macho yamekipenda tangu utotoni bila kuweza kukitaja.

Mapenzi hayo yalianzia mbele ya muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa akitandaza turubai lake karibu na Posta. Nilikuwa na miaka 13, nikanunua vitabu vitatu vya Tintin, yule mwandishi wa habari kijana wa katuni za Ubelgiji, vyenye majalada yaliyopauka, vyote kwa Kifaransa, lugha ambayo wakati ule sikuijua hata salamu yake. Kwa kuwa maneno ndani ya viputo yalikuwa kwangu kama nakshi tu, nililazimika kuifuata hadithi kwa michoro peke yake, na niliifuata: nilijua nani anamkimbiza nani, gari limetokea upande gani, chumba kina milango mingapi, na aliyejificha nyuma ya pazia yuko umbali gani na aliyeketi mezani. Miaka mingi baadaye, nilipozisoma hadithi hizo kwa lugha ninayoielewa, niligundua kwamba nilikuwa nimekosea majina na sababu za ugomvi, lakini katika mambo ya mahali na mwendo sikuwa nimekosea karibu chochote. Swali la jinsi mchoro ulivyoweza kunieleza hayo yote ndilo linalonipeleka Feri.

Nilianza na Hergé, kwa sababu ndiye anayeonekana rahisi. Hilo ni jina la kazi la Georges Remi, mwenyeji wa Brussels aliyeishi kuanzia 1907 hadi 1983, na Tintin wake alitokea kwa mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1929 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Kikatoliki la mji huo. Mtindo aliokuja kuukomaza ulipewa jina baadaye sana, mwaka 1977, na mchoraji Mholanzi Joost Swarte, aliyeuita klare lijn, yaani mstari wazi. Kila kitu huzungushiwa mstari mweusi wenye unene uleule, iwe ni pua ya mtu, kitasa cha mlango au mlima ulio mbali. Vivuli ni nadra. Hakuna mistari ya kukatanakatana ya kuonyesha giza au ukwaru. Na rangi hujazwa ndani ya mipaka hiyo ikiwa imetulia, bila kufifishwa kuelekea pembeni. Sisi wa Dar es Salaam hatuoni ugeni mkubwa hapo, maana anayepita Morogoro Stores kule Oysterbay na kutazama picha za Tingatinga, kwa rangi zake za kung'aa zisizochanganywa na kivuli, tayari ana jicho lililozoea kuamini umbo lililofungwa vizuri.

Urahisi huo, hata hivyo, haukupatikana kwa urahisi. Hergé alikuwa akichora kwa penseli kwanza, mstari juu ya mstari, mikono mitano juu ya bega moja, mpaka karatasi inakuwa nyeusi kwa majaribio. Kisha huweka juu yake karatasi ya kunakilia inayopitisha mwanga na kuchagua, katika kichaka kile chote, mstari mmoja unaostahili kubaki. Na ndipo huuhamishia kwenye karatasi safi na kuupitishia wino. Nilipoifuata njia hiyo kwa mwanamume mmoja aliyeinama kuinua beseni la vibua, nilitumia Jumamosi tatu. Mkono uliozoea kuficha udhaifu wa mchoro kwa vivuli haukuwa na mahali pa kujificha: kiwiko kikikosewa kwa upana wa punje ya mchele, mtu mzima anaonekana amevunjika.

Mzee mmoja wa pale sokoni, ambaye kazi yake ni kupara samaki na ambaye simtaji jina kwa kuwa hakuniruhusu, aliniita siku nilipomaliza. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauchukua mchoro na kuutazama kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "umechora vizuri, kila mtu nimemjua. Lakini huyu changu wako hana unyevu. Ni kama ameanikwa." Alikuwa amegusa ukomo halisi wa mstari wazi, ambao nilikuwa nimeusoma vitabuni bila kuuelewa. Mstari usiobadilika unene hueleza umbo na mahali pa kitu, lakini hauelezi kitu kikiguswa kinajisikiaje, na soko zima la Feri, kuanzia sakafu hadi mikono ya watu, linang'aa kwa maji.

Kinachopotea katika unyevu hurudi katika mahali. Kwa kuwa mstari wa Hergé hautofautishi kilicho muhimu na kisicho muhimu, jicho huruhusiwa kuzunguka ndani ya kisanduku chote cha mchoro na kukuta kila kitu kimetunzwa kwa heshima ileile. Mtu mwenye macho ya nukta mbili na pua ya duara husimama mbele ya meli, ndege au barabara iliyochunguzwa kwa picha na vielelezo hadi skrubu zake, na msomaji huiazima sura ile nyepesi na kuingia nayo mahali pazito. Bidii hiyo ya uchunguzi iliongezeka baada ya mwaka 1934, Hergé alipokutana na Zhang Chongren, mwanafunzi Mchina aliyekuwa akisomea uchongaji huko Brussels. Katika kisa cha Shanghai walichokitayarisha pamoja, maandishi ya Kichina yaliyo kwenye kuta ni maandishi ya kweli, yanayosomeka, yaliyoandikwa na Zhang mwenyewe.

Kabla ya Zhang lakini kulikuwa na kisa cha Tintin huko Kongo, na mtu anayeandika kutoka upande huu wa Ziwa Tanganyika hawezi kupita hapo akiangalia pembeni. Kisa hicho cha mwaka 1930 na 1931 kilichorwa na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo. Vazi la mtu-chui lililomo humo lilitokana na sanamu iliyokuwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, ilhali sura za Waafrika zilitoka katika vikaragosi vya dharau vilivyokuwa vya kawaida katika magazeti ya wakoloni: midomo minene iliyofanana, macho yaliyofanana, hata mtu mmoja hatofautiani na jirani yake. Kitabu kilipochorwa upya mwaka 1946, somo ambalo Tintin alikuwa akiwafundisha watoto wa Kikongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji liligeuzwa kuwa somo la hesabu, lakini sura zilibaki, na mwaka 2012 mahakama ya Brussels ilikataa ombi la Mkongo mmoja aliyetaka kitabu hicho kizuiwe. Ninalotaka kuliongeza ni la ufundi, na linaniuma zaidi kadiri ninavyoufanyia mazoezi mtindo huu: mstari uleule tulivu unaomfanya msomaji aamini kila kitasa cha mlango humfanya aamini pia uongo kuhusu watu, kwa sababu hauna sauti ya kusita. Nilipokuwa nikichora wachukuzi wa Feri kwa mstari huo nilijikuta nikirudia pua moja kwa watu sita, na nilizifuta zote sita.

Jambo moja la viwandani linafaa kutajwa, kwa sababu wengi hudhani umbo la vitabu hivi ni uamuzi wa kisanaa. Vitabu vya mwanzo vya Tintin vilikuwa vya rangi nyeusi na nyeupe na vilizidi kurasa 100. Ilikuwa uhaba wa karatasi wa wakati wa vita ulioisukuma kampuni ya Casterman, mwaka 1942, kuhamia kwenye kurasa 62 za rangi, na hapo Hergé alilazimika kuzibana hadithi zake za zamani na kuzichora upya. Katika kazi hiyo alisaidiwa na Edgar P. Jacobs, aliyewahi kuwa mwimbaji wa opera, ambaye mwaka 1946 alianza visa vyake mwenyewe vya Blake na Mortimer. Jacobs hukaa ndani ya mstari wazi lakini huupeleka usiku: maelezo yake ni marefu mno kwa ladha yangu, ila namna anavyoutumia ukungu na taa za London kama rangi nzima inayomeza kisanduku sijaiona kwa mwingine.

Sasa niende Marcinelle, kitongoji cha Charleroi ambako mchapishaji Dupuis alianzisha jarida la Spirou tarehe 21 Aprili 1938, na ambako moyo wangu, nikiulizwa ghafla, hukimbilia. Baba wa kundi lile alikuwa Joseph Gillain, aliyejulikana kama Jijé, na waliofunzwa nyumbani kwake ni André Franquin, Morris na Will. Tofauti yao na watu wa Brussels huonekana hata kabla ya kusoma neno: viputo vya Hergé huwa na pembe, vya Marcinelle ni vya mviringo, mstari wa Hergé hutembea kwa hatua sawa, wa Franquin hunenepa na kukonda ndani ya pumzi moja, kama kamba inayovutwa na kuachiwa. Franquin alimpokea Spirou, mhusika aliyelipa jarida jina lake, mwaka 1946, akiwa na miaka 22, na kufikia mwaka 1952, alipomleta Marsupilami, mnyama wa madoa mwenye mkia wa mita nane, alikuwa ameufanya mwendo wenyewe kuwa ndiyo hadithi. Mtu wa Franquin hatembei: anaegemea upande anaokwenda kabla miguu haijafika, koti linachelewa nyuma yake, na vumbi la kisigino linabaki hewani katika kisanduku kinachofuata.

Kwa namna hiyo Feri ilinifungukia upya. Niliweka nibu pembeni, nikachukua brashi, na badala ya kumchora mtu anayeinua beseni nikachora uzito wa beseni ukipita kwenye mgongo wake. Mnada wa saa moja asubuhi, watu wanaponyoosha mikono na kupaza bei, mkokoteni unaposukumwa katikati ya umati na maji yanaporuka kutoka kwenye ndoo, ni mambo ambayo mstari wazi huyagandisha na brashi huyaachia. Mizani nayo iligeuka: katika mchoro huu huwezi kuhesabu nguzo za banda, wala huwezi kusema kwa hakika kivuko kiko umbali gani, kwa sababu kila kitu kimekubali kupinda ili kuupisha mwendo. Changu, kwa mara ya kwanza, aliteleza.

Morris, mwasisi wa Lucky Luke, yule mchunga ng'ombe wa Magharibi ya Marekani, alinifundisha kitu kimoja tu lakini kikubwa: kwamba umati mzima unaweza kupakwa rangi moja, nyekundu tupu au buluu tupu, na msomaji asilalamike, maana jicho linahitaji mahali pa kupumzikia. Uderzo, aliyeanza kumchora Asterix katika jarida la Pilote tarehe 29 Oktoba 1959 pamoja na mwandishi Goscinny, ana brashi yenye ustadi usio na mfano, na miili mikubwa anayoipuliza kama maputo husimama bado kwenye mifupa sahihi. Namvulia kofia, ingawa haikuwa njia ya kwenda Feri.

Aliyebaki ni Jean Giraud. Alikuwa msaidizi wa Jijé kwenye kisa kimoja cha Jerry Spring, na katika mwaka 1963 akaanza kumchora Blueberry, askari wa majangwa ya Magharibi ya Marekani, kwa hadithi za mwandishi Charlier. Hapa ndipo kila alichokikataa Hergé hurudi kwa hamu: wino mzito, mistari midogomidogo ya kukatana, nyuso zenye jasho na ndevu za siku tatu, na vumbi ambalo unahisi litakukwaruza koo. Baadaye, kwa jina la Moebius, aliigeukia nibu nyembamba na kuchora ndoto, hata akatoa mwaka 1975 kurasa za Arzach zisizo na neno hata moja, jambo ambalo msomaji wa katuni za Kifaransa asiyejua Kifaransa, kama nilivyokuwa, angelishukuru sana.

Kwa mtindo wa Giraud nilisogea upande wa wakaanga samaki, kwa sababu vumbi la jangwa lake nilitaka kulifanya moshi. Tatizo lililonikabili sikulitegemea. Mistari yake ya kivuli inahitaji mwanga unaokuja kwa mshazari, na katika mji ulio nyuzi karibu 7 kusini mwa ikweta, ambako mwanzoni mwa Machi na tena mwezi wa Oktoba jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya utosi, vivuli hujikunja chini ya miguu ya wenyewe kama paka. Kufikia saa sita mchana soko linakuwa bila kivuli cha kuchora, vitu vyote vimeoshwa kwa mwanga uleule, na mpaka wa kila kitu umekatwa kama kwa wembe. Nilisimama pale na brashi mkononi nikiona kwamba jua la Dar es Salaam, kwa saa mbili au tatu za siku, linachora kwa mstari wazi, na kwamba Giraud nitampata tu nikifika kabla ya saa moja asubuhi, mwanga unapoingia kwa chini kutoka upande wa bahari.

Wiki iliyopita nilimpelekea mzee michoro yote mitatu na kumwomba achague wa kubaki nao. Ule wa brashi aliucheka kwa furaha, akamwonyesha jirani yake jinsi maji yanavyoruka. Ule wa moshi aliusogeza machoni, akaurudisha. Mwishowe akachukua wa kwanza, wenye samaki aliyemsema. Nilipomuuliza sababu, alionyesha kwa kidole chenye magamba: "Hapa ndoo yangu ipo. Kisu kipo. Na pale ndipo anapokaa mwenzangu, hata leo hayupo."

Nimemwahidi nakala nyingine. Jumamosi ijayo nitajaribu kumlowesha changu yule yule bila brashi wala kivuli, kwa kuukata mstari wa mgongo wake mahali pawili tu na kuiacha karatasi nyeupe ing'ae katika nafasi hizo.