Saa Ngapi Tangu Anywe?

Katika filamu ya ulevi, kila onyesho lina swali ambalo mwigizaji, mpigapicha na mtu wa vipodozi wanapaswa kujua jibu lake kabla kamera haijawashwa: ni saa ngapi zimepita tangu mhusika anywe? Filamu nyingi huharibikia hapa. Mlevi anatetemeka chupa ikiwa mkononi, kesho yake asubuhi mikono imetulia tuli. Watazamaji wa Mtwara wanawajua walevi, hawadanganyiki.

Andika saa hizo pembeni mwa skripti, onyesho kwa onyesho. Kwa mnywaji wa kila siku wa miaka mingi, jasho, wasiwasi na kutetemeka huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kuacha. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya saa 48. Kuchanganyikiwa kabisa, mtu asijue yuko wapi, huja zaidi kati ya saa 48 na 72. Mhusika wa unga, yaani heroini, ana jedwali lake: arosto, mateso ya kuikosa, huanza saa 8 hadi 12 baada ya kutumia, kwa miayo, kamasi na vinyweleo kusimama, na mboni hutanuka. Akiwa ametumia, mboni hubana sana. Mwigizaji hawezi kuziamuru mboni zake, lakini taa inaweza. Taa kali karibu na uso huzibana. Kwa arosto punguza mwanga, fungua lenzi hadi f/1.8, umsogelee.

Kutetemeka ndiko kunakoigizwa vibaya kuliko vyote. Waigizaji hutikisa mkono mzima, ilhali mtetemo wenyewe ni mwembamba, wa haraka, uko vidoleni, na huonekana zaidi mtu anaponyoosha mkono au kushika kitu. Mpe kikombe cha chai kilichojaa juu ya kisahani, au vifungo vya shati. Rekodi mlio wa kisahani peke yake. Utauhitaji kwenye uhariri.

Kwa kuwa maonyesho ya chumba kimoja hupigwa pamoja, yapange kwa saa: anza na saa 2, malizia na saa 60. Kuongeza jasho na uchovu ni rahisi kuliko kuvifuta. Jasho ni gliserini ya duka la dawa na maji, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kupulizia. Maji matupu hukauka chini ya taa.

Hadithi ya uraka, pombe ya mabibo, ina msimu wake. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, hayapatikani Machi, kwa hiyo piga Oktoba na Novemba, kabla mvua haijaanza kulipiga bati na kumeza mazungumzo. Maji ya mabibo huacha doa lisilotoka. Nunua mashati matatu ya aina moja. Msimu huo una utajiri mwingine kwa mwandishi. Chini ya stakabadhi ghalani, utaratibu ulioingia kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo, kisha husubiri mnada na malipo. Mhusika anakunywa kwa deni, muuza uraka anaandika kwenye daftari, mke anaijua bei ya mnada. Wote watatu wanasubiri ujumbe mmoja wa simu. Hapo ndipo drama ilipo, kuliko kwenye glasi kumi za kunywa.

Umeme wetu ni hezi 50: piga fremu 25 kwa sekunde, kwa shata ya 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za ndani zitaleta mistari. Kibali cha Bodi ya Filamu kipatikane kabla ya siku ya kwanza.

Glasini weka juisi iliyochujwa, kamwe si gongo. Na ukipata mwigizaji anayekunywa kweli kila siku, usimwambie aache ghafla ili awe safi kwa ajili ya kazi. Kuacha ghafla bila daktari kunaweza kumuua. Mpeleke hospitali kwanza, ratiba isogezwe.