Beseni la mama lishe

Simu iliita kabla ya saa moja asubuhi, nikiwa bado napiga mswaki. Alikuwa mzee mmoja mfugaji wa pembezoni mwa Morogoro, aliyeniahidi ng'ombe wake wa mazoezi. "Daktari, unisamehe. Yule ng'ombe nimemuuza jana. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada."

Sikuwa na la kumlaumu. Lakini saa nne nilikuwa na wanafunzi 38 wa udaktari wa mifugo, mwaka wa nne, waliokuwa wakisubiri praktiko ya ultrasaundi, ile mashine ya kutazama ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti. Mashine nilikuwa nimeiazima, jioni inarudi kwa mwenyewe. Mnyama sina.

Ningeweza kuwarudisha kwenye slaidi. Mwaka uliotangulia, 2010, ndivyo nilivyofanya muhula mzima, na matokeo niliyaona kwenye mtihani wa vitendo. Kijana mmoja, tena wa kuongoza darasa, aliweka probu, kile kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi, juu ya tumbo la mbwa, akakitazama kibofu kilichojaa mkojo, akanieleza kwa ufasaha wa ajabu kwamba huo ni uvimbe wenye usaha. Ukurasa wa kitabu alikuwa nao wote kichwani. Hakuna aliyewahi kumwambia amtoe mbwa nje akakojoe, kisha atazame tena. Na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Nikapanda bodaboda hadi machinjioni. Nilinunua figo ya ng'ombe, figo ya mbuzi, moyo, na pande la ini ambalo kifuko chake cha nyongo kilikuwa hakijatobolewa. Kibofu nilipewa bure, nani anataka kibofu? Nilipokuwa nafunga mfuko, mkaguzi wa nyama, ambaye tulifahamiana, akaniita pembeni. Kwenye vitu vya kutupwa palikuwa na mji wa mimba, mzima, umevimba upande mmoja. Ng'ombe alikuja na mimba ya miezi kama miwili. Wauzaji wengine huwa hawajui. Wengine wanajua vizuri sana.

"Chukua ukafundishie," akasema. "Huku unaenda shimoni."

Wazo langu lilikuwa jepesi: kiungo kinatumbukizwa kwenye maji, probu inaguswa juu ya maji, picha inatokea. Maji hupitisha mawimbi ya sauti kwa kasi karibu sawa na nyama. Nikajaza karai la maabara kwa maji ya bomba, nikazamisha figo ya ng'ombe, nikawasha mashine kwa madaha. Skrini ikawa kama mtu amemwaga mchele juu ya kaniki. Nuru tupu, vitone vyeupe kila mahali, figo haionekani. Nikabonyeza hiki, nikageuza kile. Huko nyuma mtu akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

Fundi wetu wa maabara, mtu anayetumia maneno kama anayalipia, akasogea sikioni kwangu. "Dokta, maji ya bomba yana hewa. Yachemshwe, yapoe."

Dakika kumi tu kabla ya hapo nilikuwa nimewahubiria wanafunzi kwamba hewa ndiyo adui wa ultrasaundi, kwamba mawimbi yakikutana nayo hurudi karibu yote, na kwamba ndiyo maana tunanyoa manyoya na kupaka jeli. Haya, na mapovu je? Sikuyafikiria.

Kuchemsha na kusubiri yapoe kungekula kipindi chote. Ndipo nikamkumbuka mama lishe wa nyuma ya jengo letu, ambaye maji yake ya kunywa huchemshwa jioni yakalala kwenye ndoo yenye mfuniko.

"Shikamoo, mama. Naomba maji ya kunywa."

"Marahaba, mwanangu. Kikombe?"

"Ndoo."

Alinitazama kwa muda. Nilipomweleza, akacheka hadi akakalia gogo, kisha akanipa ndoo mbili na beseni lake jekundu juu, kwa sababu maji yake, alisema, hayawezi kuingia kwenye makarai yetu ya madawa. "Beseni langu lirudi, mwalimu. Hilo ndilo la kuoshea mboga."

Tuliyamimina polepole, yakiteleza ukutani mwa beseni, kama mtu anayemimina soda asiyetaka povu. Safari hii skrini ikawa nyeusi, nyeusi ya usiku wa kijijini, na katikati yake figo ya ng'ombe ikajitokeza na vinundu vyake kama tangawizi. Halafu ya mbuzi, laini, umbo la haragwe. Kifuko cha nyongo kilikuwa shimo jeusi, na ini lililo nyuma yake likang'aa kuliko ini la pembeni, kwa sababu majimaji hayapunguzi nguvu ya mawimbi kama nyama inavyopunguza. Ndani ya kibofu nikatia maji na kokoto moja kutoka nje, nikafunga kwa uzi. Kokoto ikawa mwezi mchanga mweupe, na nyuma yake kivuli cheusi kilichonyooka hadi mwisho wa picha. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mawe ya kibofu hufananaje.

Kisha nikafunika beseni kwa kitambaa, probu ikapitishwa pembeni, nikataka wataje kiungo kwa picha tu. Hapo wakakwama. Binti mmoja aliyekulia kwenye boma la wafugaji huko Simanjiro alikwama kuliko wote, na alikasirika. Alikuwa amechinja na kupasua mbuzi wengi kuliko mimi. Akaniuliza kama anaruhusiwa kuingiza mkono. Nikamwambia aingize.

Mkono wa kulia alishika probu, wa kushoto akauzamisha chini ya kitambaa bila kutazama. Tukaviona vidole vyake vikiingia kwenye skrini kutoka pembeni, mifupa ikimeta na kivuli nyuma ya kila mmoja. Vikaigusa nyama, vikaibonyeza, na pale vilipobonyeza picha ikabonyea. "Moyo," akasema. "Huu hapa ukuta mnene wa kushoto, huku mwembamba." Macho yake hayakutoka kwenye skrini.

Ajabu ni kwamba kila mwaka nilikuwa nikifungua somo hili kwa Röntgen, mgunduzi wa eksirei, na ile picha ya mkono wa mkewe ya mwaka 1895, pete ikiwa kidoleni. Nikieleza miale, tarehe, Tuzo ya Nobel ya 1901. Mkono uko pale ukutani, na wanafunzi wangu mikono yao iko kwenye madaftari wakinakili. Na sisi wa mifugo ndio hasa tunaojua kwa mkono: mimba ya ng'ombe huipima kwa kuingiza mkono kupitia njia ya haja kubwa, ukapapasa mji wa mimba bila kuona chochote, na probu ya kazi hiyo hushikwa kiganjani, ikatangulia na vidole. Nikaufuta mpango wa kipindi. Kila mmoja akaja, mkono mmoja majini. Tulipitiliza saa sita na hakuna aliyetaja njaa.

Mji wa mimba niliuacha mwisho. Nilisita kidogo, kisha nikauzamisha kwenye beseni lile lile, maana maji safi yalikuwa humo. Maji ya uzazi yalitokea meusi, na ndani yake ndama, urefu wake kama panya mdogo: kichwa, mstari wa uti wa mgongo kama shanga zilizotungwa, mbavu. Niliwaambia wapime urefu wake, waniambie ana siku ngapi. Walianza kupima. Binti wa Simanjiro hakupima. Alikuwa akitembeza probu juu ya kifua kile, mbele na nyuma, kama nilivyowafundisha mwenyewe: ukiona kijusi, kwanza tafuta moyo unaocheza, ndipo umwambie mfugaji mimba iko hai.

"Dokta, moyo sijauona ukicheza."

Kila mtu pale alijua mfuko ule umetoka wapi. Hata yeye. Alikuwa amesahau tu kwa dakika ile, na sisi tukawa tumesahau naye. Feni ya mashine ilisikika. Fundi wa maabara ndiye aliyenyoosha mkono akaizima picha.

Mama lishe alikuja kufuata vyombo vyake saa nane. Ndoo nilimpa. Beseni sikumpa. Nilimwambia limepasuka, na jioni, baada ya kurudisha mashine, nikapitia sokoni kumnunulia jingine, jekundu vile vile, kubwa zaidi. Aliligeuza chini juu, akaligonga kwa kidole, akaniuliza beseni la plastiki nene vile lilipasukaje kwa figo mbili.